Kuunganisha mafaili mawili ya mti wa ukoo: programu inasema babu na mjukuu wake ni mtu mmoja

Mjukuu wa Mikindani

Wakuu, salaam. Nipo Mtwara mjini, asili yetu Mikindani kwa baba na Newala kwa mama. Nina mti wa ukoo nimeutunza muda mrefu kwenye Gramps, programu ya kompyuta ya kutunza ukoo, watu mia nne na ushee. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, yuko Dar na naye ana wake kwenye programu ya kulipia ya Windows, watu mia sita na kitu. Karibu nusu ni walewale. Korosho zikishauzwa kuna kikao cha ukoo, na wazee wanataka chati moja ya kubandika ukutani, siyo mbili zinazobishana.

Binamu amenitumia faili lake la GEDCOM, ile aina ya faili ambayo programu za ukoo hupeana. Nimeliingiza kwenye nakala ya mti wangu (nakala jamani, msianze kunisema). Watu wakajirudia mara mbili mbili, hilo nililitegemea. Nikafungua kile kifaa cha kutafuta wanaofanana. Juu kabisa ya orodha kinaniambia Hamisi Selemani na Hamisi Selemani ni mtu mmoja. Majina kweli hayohayo, ila mmoja ni babu na mwingine ni mjukuu aliyepewa jina lake. Halafu Athumani wangu na Othman wa binamu, ambao ni mtu mmoja kabisa, kaburi moja, hakikuwagusa hata kidogo.

Kuna namna ya kuielekeza hii programu ielewe majina yetu, au ndiyo nikae chini niunganishe kwa mkono mmoja mmoja? Na zile programu zinazojisifu kwamba zinaunganisha zenyewe, zinatufaa sisi?

Korosho Karanga

Nakaa hapa nisubiri wataalamu. Ukoo wetu wote uko kwenye kaunta buku la bibi na halijawahi kuniomba nywila.

Mzee wa Faili

Mjukuu, programu imefanya ilichofundishwa. Tatizo ni nani aliifundisha.

Kwenye kile kifaa kuna kisanduku cha kulinganisha majina kwa matamshi. Kinatumia utaratibu unaoitwa Soundex, kitu cha Marekani, kilipata hataza mwaka 1918, na kimekatwa kwa kipimo cha Kiingereza. Kinachukua herufi ya kwanza ya jina kama ilivyo, kinatupa irabu, kisha konsonanti zinazofuata kinazigeuza tarakimu. Selemani inatoa S455, Suleiman nayo S455, hapo salama. Fatuma na Fatima wote F350. Mohamedi na Muhammad wote M530. Sasa njoo kwa mzee wako: Athumani ni A355, Othman ni O355. Herufi ya kwanza imeachana, basi, kwake hao hawajuani. Hamisi ni H520 na Khamis ni K520. Ukoo wenye Waislamu na Wakristo ndani yake utakutana na Yusufu Y210 na Joseph J210. Kwa hiyo kisanduku hicho kiwashe, kinasaidia kiasi, ila usikitegemee kwa majina yanayobadilika mwanzoni.

Kubwa zaidi liko ndani ya faili. Lifungue kwa Notepad, GEDCOM ni maandishi matupu. Utaona mstari kama huu:

1 NAME Hamisi /Selemani/

Kilicho katikati ya mikwaju ndicho programu inakiita jina la ukoo. Ulaya jina hilo linashuka kutoka kwa babu mpaka kitukuu bila kubadilika. Kwetu Selemani ni baba yake Hamisi na ndiyo mwisho wa habari. Mtoto wa Hamisi ataandikwa /Hamisi/, na kwa kuwa tunarudisha majina ya mababu, unapata Hamisi Selemani, kisha Selemani Hamisi, kisha Hamisi Selemani tena. Vizazi viwili chini jina zima limejirudia herufi kwa herufi. Ukiwa huna tarehe za kuzaliwa, programu ina haki kabisa ya kusema ni mmoja.

Fanya hivi kabla ya kuunganisha chochote. Kwenye Gramps kila jina la mwisho lina sehemu ya kueleza asili yake: la kurithi, la baba, la mama, la mahali, la kazi. Weka kwamba ni la baba. Halafu hata kwa makisio, mpe kila mtu mwaka wa kuzaliwa. Babu "karibu na 1890" na mjukuu "karibu na 1945" hawatapendekezwa tena kuwa mmoja.

Na mwulize binamu alikuwa anaweka nini kati ya mikwaju. Wengine wanaweka jina la pili, wengine la tatu, wengine jina la ukoo wenyewe. Kama ninyi wawili mlikuwa na desturi tofauti, mnalinganisha maembe na mananasi.

Rondo Juu

Mnajitesa. Siku hizi kuna mitandao ya miti ya familia, unapakia faili, mashine inakutafutia mechi na watu duniani kote, unabofya kukubali, kazi imekwisha. FamilySearch wana mti mmoja kwa dunia nzima na ni bure. Kwa nini mtu ahangaike na mafaili kwenye kompyuta yake kama mwaka 1999?

Mzee wa Faili

Hata hilo faili alilotumiwa inaelekea ni la mwaka huohuo, mkuu. GEDCOM ilianza 1984, ikabuniwa na kanisa la Wamormoni, haohao wenye FamilySearch. Toleo la 5.5.1 lilitoka kama rasimu 1999, na programu nyingi bado zinatoa hilo ingawa 7.0 ipo tangu 2021. Kwa hiyo 1999 hatujaikimbia bado.

Mti wa pamoja una raha yake, sikatai. Ila ukibofya kukubali bila kusoma, umeunganisha Hamisi wa Mikindani na Hamisi wa Kilwa, na mtu mwingine usiyemjua atajenga juu ya hapo. Kuunganisha ni dakika moja. Kutenganisha watu waliokwisha kugawana watoto, wake na vyanzo ni kazi ya wiki.

Binti Lukuledi

Habari zenu kaka zangu. Nimesoma toka juu na naona wote mnazunguka jina la baba. Sisi ni watu wa kusini jamani! Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, wote hawa ukoo unahesabiwa kwa mama. Mjomba ndiye anayejua nani ni nani. Kwa nini mnaanza na jina linalobadilika kila kizazi, mnaacha kamba ambayo haikatiki?

Mimi naunganisha hivi. Siangalii kabisa ile orodha ya wanaofanana mwanzoni. Natafuta mwanamke mkubwa kuliko wote anayeonekana kwenye mafaili yote mawili, yule ambaye wazee wakitajiwa wanasema "huyo ndiye aliyetuzaa". Nalinganisha vitu vitatu: jina lake, majina ya watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kaka yake. Vitatu vikikubaliana, huyo ni mmoja, hata kama faili moja linamwita Somoe na jingine Mama Athumani. Namuunganisha yeye kwanza, kisha watoto wake, kisha mabinti zake na watoto wao. Wanaume wanaooa humo wanafuata wenyewe, kwa sababu ukishajua mke na watoto huwezi kukosea mume.

Ukianzia kwa wanaume unapata shida ya wake wengi. Ndani ya GEDCOM ndoa moja ni rekodi moja ya familia: ina mume, mke, na watoto wa hao wawili. Mzee mwenye wake watatu anatakiwa awe na rekodi tatu. Lakini mtu anayejaza kwa haraka anamwandika mzee, anamwandika bi mkubwa, halafu anamwaga watoto kumi na moja wote kwake. Faili la pili limewatenganisha vizuri. Ukimuunganisha mzee kwanza, watoto wa bi mdogo wanajikuta wana mama wawili, na programu haitalalamika. Kwake ni data tu. Kwenye kikao cha ukoo ndiyo utajua umefanya nini.

Kabla ya yote jazeni majina ya akina mama. Miti mingi ninayoiona humu mitandaoni baba ana majina matatu na mama ni nafasi tupu au "mke wa pili". Huwezi kuunganisha nafasi tupu na nafasi tupu.

Rondo Juu

Dada, kwa heshima zote. Pwani yetu ni Waislamu. Mtu ni bin fulani bin fulani, na mirathi inakwenda hivyo. Ukianza kupanga chati kwa mama, wazee wa Mikindani watakuuliza umetoa wapi.

Binti Lukuledi

Kaka Rondo, mirathi sijaigusa na sitaigusa. Kila jina libaki bin lake. Chati ipangwe kwa baba, kwa mama, au kwa duara, wazee wataamua. Nasema juu ya kutambua tu: huyu wa faili hili ndiye yule wa faili lile? Hapo mama anakupa jibu haraka kuliko baba. Mzee mmoja anaweza kuwa na watoto Lindi, Masasi na ng'ambo ya Ruvuma, na kila upande wanamjua kwa jina tofauti. Mama mtoto wake anamjua.

Na majina yenyewe, mnajua mtu wa kwetu ana mangapi? La kuzaliwa, la jandoni au unyagoni, la dini, na lile karani alilosikia siku ya kuandikisha. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu mmoja mwenye majina manne. GEDCOM inaruhusu mistari mingi ya jina kwa mtu mmoja, itumieni. Mkishaweka la jandoni upande mmoja na la ubatizo upande wa pili kama majina mbadala, nusu ya mafumbo yanajifungua.

Korosho Karanga

Hebu niseme kitu. Lile kaunta buku la bibi nimelifungua sasa hivi baada ya kumsoma dada Lukuledi. Kila ukurasa una jina la mwanamke juu, watoto chini, na pembeni ameandika "mjomba wao fulani". Bibi alikuwa mbele ya programu zenu zote na mimi nilikuwa nalicheka.

Binti Lukuledi

Lipige picha leo kabla mchwa hawajalisoma.

Mjukuu wa Mikindani

Ahsanteni sana, na dada Lukuledi hapo umenifungua macho. Nimejaribu kwa nyumba moja tu, ya bibi mzaa mama Newala. Kwa jina nisingewapata kamwe, kwangu ameandikwa jina la unyago na binamu ameweka jina la dini. Lakini watoto sita kwa mpangilio uleule, na mjomba yuleyule. Nimeunganisha.

Sasa mengine yamejitokeza. Baada ya kuunganisha, mtu ana kuzaliwa mara mbili. Binamu amewapa karibu wazee wote tarehe 1 Januari, na mahali ameandika "Lindi, Mtwara" kwa wengine na "Lindi, Lindi" kwa wengine. Na picha zake zote ni fremu tupu. Nifanyeje?

Mzee wa Faili

Nianze na rahisi. Picha hazimo kwenye faili. GEDCOM ya 5.5.1 inabeba anwani tu ya mahali picha ilipo, na anwani hiyo ni folda ya kompyuta ya binamu huko Dar. Mwambie akuwekee folda nzima ya picha kwenye flashi, kisha uzielekeze upya. Toleo la 7.0 lina namna ya kufunga picha na faili katika kifurushi kimoja, kama programu yake inalitoa basi mmepona.

Kuzaliwa mara mbili ni kawaida. Gramps ikiunganisha watu wawili haitupi kitu: jina la wa pili linakuwa jina mbadala, na matukio yote yanahamia kwa aliyebaki. Matukio unayaunganisha wewe baadaye, au unafuta lile ambalo halina chanzo. Vilevile baba na mama wa nyumba moja wakishaunganishwa, familia zao mbili zinakuwa moja, lakini watoto wanabaki wawili wawili mpaka uwashike mmoja mmoja. Watu wengi huishia kwa wazazi, wakifungua chati wanamkuta bibi amezaa mapacha sita.

Tarehe 1 Januari ni tarehe ya fomu, si ya mtu. Programu inapoiona inaamini ni siku kamili, na inaweza kumkataa mtu yuleyule aliyeandikwa "karibu na" mwaka mwingine. Zibadilishe ziwe makisio. GEDCOM ina maneno yake: ABT ni karibu na, BEF ni kabla ya, AFT ni baada ya, na unaweza kuweka kati ya mwaka huu na huu. Wazee wetu hawatoi miaka, wanatoa matukio, na matukio ya huku yana miaka yake. Aliyezaliwa kabla ya Majimaji ni BEF 1905. Mwenye kusema mama alimbeba mgongoni wakikimbia mapigano ya Mahiwa ya Vita Kuu ya Kwanza, hiyo ni Oktoba 1917, kwa hiyo amezaliwa 1915 mpaka 1917. Kimbunga cha Lindi ni Aprili 1952. Aliyekuwa kijana akipanda treni ya Nachingwea hawezi kuwa mtoto wa miaka ya sitini, reli ile ilifungwa 1962. Na vita ya Msumbiji imeanza Septemba 1964, hapo una alama ya ndugu waliovuka Ruvuma kuja huku. Andika na tukio lenyewe kwenye maelezo, ili mwakani mtu asikuulize 1916 umeitoa wapi.

Mahali, binamu yako hajakosea kokote. Mkoa wa Lindi umetengwa na Mtwara 1971, kabla ya hapo Lindi ilikuwa ndani ya Mtwara, na nyuma zaidi yote ilikuwa Jimbo la Kusini, Tanganyika. Kwenye Gramps mahali pana ngazi na kila ngazi inaweza kuwa na tarehe: Lindi moja, chini ya Mtwara mpaka 1971, chini ya mkoa wake baada ya hapo. Unganisha mahali kama unavyounganisha watu, inawezekana.

Ila angalia vijiji. Miaka ya sabini watu walihamishwa kwenye vijiji vya ujamaa, na vipo vilivyohama na jina lake. Kijiji cha kwenye kaburi la babu na kijiji cha kwenye cheti cha mama vinaweza kuwa na jina moja na umbali wa kutembea nusu siku. Usiviunganishe. Mahame yabaki mahame.

Mchinga Mbili

Kabla hamjaendelea kutumiana mafaili kwa barua pepe na WhatsApp, kumbukeni humo ndani mna watu walio hai. Majina kamili, tarehe za kuzaliwa, jina la mama. Jina la mama! Hilo ndilo swali wanalokuuliza ukisahau nywila ya kitu chochote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kazi Mei 2023, na hata bila sheria, shangazi yako hajakuruhusu.

Gramps wakati wa kutoa faili inakuuliza uwafanye nini walio hai: uwaache, uwatoe, au uwafiche majina. Kwa binamu peleka kamili. Kwa chati ya ukutani na kwa mtandao, ficha. Halafu kila rekodi ina alama ya kufuli. Kuna mambo wazee wanakusimulia usiku halafu wanasema haya si ya kusoma mbele ya watu, hasa habari za nani aliletwa na msafara na nani alizaliwa nyumbani. Andika, funga kufuli, na unapotoa faili chagua rekodi zenye kufuli zisitoke.

Rondo Juu

Kwa hilo la walio hai nakubaliana. FamilySearch nao hawawaonyeshi walio hai kwa umma. Ila bado nasema kazi ni kubwa mno kwa chati ya ukutani.

Mjukuu wa Mikindani

Kaka Rondo, njoo kikaoni uwaambie wazee hivyo wewe mwenyewe.

Mzee wa Faili, la mwisho. Nimeona kwangu mtu wa kwanza ni I0001, na kwa binamu pia kuna I1. Hizo namba zina maana yoyote? Na kuna majina yenye ng' ambayo kwake yanatokea na alama iliyopinda, kwangu iliyonyooka.

Mzee wa Faili

Namba hizo ni za ndani ya faili tu. I0001 wako na I1 wake hawana undugu, na ndiyo sababu usije ukajaribu kubandika faili moja chini ya jingine kwa Notepad. Programu zenyewe zinapoingiza zinagawa namba upya.

Ng' yenye alama iliyopinda na iliyonyooka kwa jicho ni sawa, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na jina halitapatikana ukilitafuta. Chagua iliyonyooka, badilisha zote kwenye GEDCOM ya binamu kabla ya kuingiza. Hakikisha na yeye ametoa faili kwa UTF-8, yaani utaratibu wa kuhifadhi herufi.

Kwa hiyo rudi mwanzo: fungua mti mpya mtupu, ingiza wako, kisha wake. Kwenye mapendeleo ya Gramps kuna sehemu ya kuweka lebo kwa kila kinachoingizwa, iwashe, utajua daima nani katoka kwa nani. Chukua nakala ya akiba kila ukimaliza nyumba moja ya mama, kwa sababu kutendua kunakwisha ukifunga programu.

Mjukuu wa Mikindani

Na nikimaliza namrudishia binamu faili jipya?

Mzee wa Faili

Mrudishie, ila mkubaliane faili kuu ni la nani. Mkiendelea kuhariri wote wawili, baada ya mwaka utarudi hapa na uzi huuhuu.

Mjukuu wa Mikindani

Nimempigia. Amekubali kuu liwe langu, kwa sharti kwamba chati achape yeye, programu yake ina fremu nzuri za rangi.

Mzee wa Faili

Achape. Asihariri.

Binti Lukuledi

Na bibi yenu wa Newala awekwe juu.